Maji ya Mwezini na Chokaa ya Ami Shee

Nilifika Lamu siku moja baada ya Ami Shee kuzikwa, na hilo bado linanikera, ijapokuwa aliyechelewa ni basi wala si mimi. Shangazi yangu Bi Rukia, mjane wake, alikuwa ameketi chumba cha ndani na wanawake wa mtaa wa Langoni, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta ambao marehemu aliupaka chokaa kwa mikono yake, laini hata ukiupapasa wadhani ni ganda la yai. Nilipomaliza kulia nilichungulia barazani kwa wanaume, nikamwona mmoja asiye na kofia, mvi zimemjaa, anakunywa kahawa tungu kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Nilimtambua kwa hilo la kahawa kabla ya sura. Alikuwa Mwalimu Barasa, aliyenifundisha kemia, mtu wa Bungoma, amesafiri siku mbili kuja kumzika fundi wa chokaa wa Lamu, na yeye pia kachelewa. Nilipotoka kumsalimu alisema, "Zainabu, yule mzee alitupa chokaa mbaya." Akacheka, kisha akatoa leso akajifuta macho. Wazee waliokaa naye wakageuza nyuso kwa adabu, wasijue anazungumza nini. Tunaojua ni mimi, yeye, na Shangazi huko ndani, na kwa kuwa tumebaki watatu naona niandike.

Mwaka wa chokaa ile nilikuwa kidato cha tatu, naishi kwa Shangazi kwa sababu shule ya wasichana ilikuwa karibu. Chumba changu kilikuwa juu, na vidaka vyake ukutani ndivyo vilivyokuwa kabati langu: kimoja cha vitabu, kimoja cha nguo, kimoja cha udi na vikorokoro ambavyo Shangazi hakutaka vionekane chini. Alasiri Shangazi aliwasomesha wasichana wa mtaa fiqhi kwenye ukumbi wa chini, na mimi juu nilifanya hesabu zangu huku sauti zao zikipanda ngazi, nikazijua hukumu za twahara bila kukusudia. Akilini nilikuwa na jambo moja tu, kusomea dawa. Nilitaka kuwa yule mtu anayesimama nyuma ya kaunta, anayesoma mwandiko wa daktari na kumwambia mgonjwa mara ngapi kwa siku. Na bila kemia hakuna chuo ambacho kingenitazama mara mbili. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Mwalimu Barasa alikuja mwanzoni mwa mwaka, kijana mrefu, mwenye viatu vilivyoumbuka kwa mchanga wetu wiki ya kwanza tu. Siku moja aliingia darasani na gazeti. Wasichana wengine walikuwa wamechagua masomo mengine, tumebaki saba wa kemia, tumekaa benchi moja. Akatwambia kwamba wataalamu wamegundua maji ndani ya mchanga wa mwezi. Si ziwa wala kisima, bali unyevu mdogo ulionaswa katika chembe za mchanga mkavu kuliko wote. Zamani, akasema, wale wa kwanza walioleta mchanga ule duniani waliona dalili za maji, wakazipuuza, wakasema ni hewa ya duniani iliyopenya masandukuni. Sasa wanayaona kutoka angani, na hawabishani tena kama yapo. Wanabishana yametoka wapi. Akachora ubaoni ndia tatu. Nasema ndia, yeye alisema njia, na sisi tulizoea kumcheka kwa hilo naye akitucheka sisi. Huenda maji yamo tangu mwezi ulipoumbwa. Huenda yaliletwa na nyota zenye mikia zilipouangukia. Au huzaliwa papo hapo: jua hupuliza hidrojeni mchana kutwa, mwezi hauna hewa ya kuuzuia upepo huo, hidrojeni inajipiga kwenye mchanga, inaikuta oksijeni iliyofungwa mle pamoja na chuma, zinaungana. Mwenzangu Fatma akauliza kama maji hayo yana ladha, na Mwalimu akalichukua swali lile kwa uzito hata akatumalizia kipindi.

Aliyekuwa mkuu wa shule ni Madam Gathoni, mwanamke wa bara, mwalimu wa hesabu, ambaye alitembea kimya hata ukamwona amekwishafika. Sikumchukia, lakini nilimwogopa. Muhula wa pili nilikuwa nyuma ya maabara naosha chupa nikamsikia ndani akimwambia Mwalimu Barasa kwamba kemia itafungwa. Matokeo ni mabaya miaka yote, maabara haina kitu, na wasichana saba hawatoshi kuitwa darasa. Tutahamishiwa somo la upishi na ushonaji kabla ya majina ya mtihani kupelekwa. Mwalimu alisema kitu sikukisikia. Madam akasema, "Mwalimu, sina ubaya na wewe. Afisa wa elimu anakuja mwisho wa mwezi. Nionyeshe kitu kimoja ambacho wasichana hawa wamekifanya kwa mikono yao, kikafaulu mbele yake, na nitayaacha majina. Usiponionyesha, usinilaumu." Nilibaki nimeshika chupa, povu linanitiririka mkononi. Sina haya kusema kwamba nililia, nikailaumu sabuni.

Mwalimu aliamua tutengeneze maji ya mwezini, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasikia kila kitu nikamwambia niachie mimi. Mwezi wetu ulikuwa kutu. Nilikwangua vyuma vya madirisha nusu ya mtaa, watu wakaniuliza nimeajiriwa na nani, nikaichanganya na mchanga wa Shela na kuikaanga kwenye kaango la Shangazi mpaka ikawa kavu kabisa. Kaango lile halikupikiwa tena samaki, na alinikumbusha hivyo mpaka nilipoolewa. Jua letu lilikuwa chupa yenye zinki na asidi inayotoa hidrojeni. Hidrojeni ile ingepita juu ya kutu iliyopashwa moto ndani ya neli ya kioo, na mwisho wa neli tungeweka kopa salfeti, ile chumvi ya buluu ambayo ukiikaanga huwa unga mweupe, na ikionja maji hata chembe hurudi buluu. Palikuwa na shida moja. Gesi ikitoka kwenye asidi hutoka na unyevu wake, kwa hiyo lazima ipitishwe kwanza kwenye kitu chenye kiu ya maji. Dawa ya maabara ya kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa uji ndani ya chupa yake kwa hewa ya Lamu. Mwalimu akasema hata chokaa itafaa, ile ya tanuu, iliyo kavu. Kwetu chokaa! Nilikuwa nalala katika nyumba ya fundi chokaa.

Ami Shee alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake imepasuka kwa kazi kama udongo wa kiangazi. Nilimwambia wakati wa chai ya asubuhi kwamba shule yataka chokaa kavu, kidogo tu, ya kemia. Hakuuliza kemia ni nini. Kesho yake alinipa kopo limefungwa kitambaa safi, ndani unga mweupe laini mno, akasema, "Mpe mwalimu wako, mwambie hii ni yangu mwenyewe." Niliona fahari. Mwalimu naye aliisifu. Tukaijaza kwenye neli, tukawasha moto, na baada ya dakika chache unga mweupe ulianza kugeuka, ukawa buluu, ukazidi kuwa buluu, buluu ya sare zetu kabisa. Fatma alinikumbatia. Mwalimu akakimbia kumwita Madam Gathoni, naye akaja, akatazama, akaguna. Kwa Madam guno lile lilikuwa sherehe.

Siku hiyo chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi na mchuzi wa papa, tumekaa mkekani watatu, na mimi sikuweza kunyamaza. Nilisimulia mwezi, jua, upepo wake, kutu, yote. Ami Shee alikula huku anatabasamu. Shangazi alisikiliza kwa makini aliyowasikilizia wanafunzi wake. Ni lazima nieleze kwamba msichana aliyesomeshwa na Bi Rukia huyajua maji saba ya kutwaharisha kabla ya kujua kufunga viatu: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Theluji hakuna aliyeiona, lakini tuliihesabu. Shangazi akaosha vidole akasema, "Hayo mai ya mwezini ni ya ngapi katika saba?" Nilicheka. Yeye hakucheka. "Nakuuliza kweli. Wasema hayakuteremka na mvua wala hayakutoka kisimani. Mai huulizwa asili yake kabla ya kuulizwa hukumu yake. Haya ya shuleni kwako, wewe umejuaje kwamba yametoka kwenye kutu?" Nikasema kwa sababu tuliiona rangi. "Rangi imekwambia mai yapo," akasema. "Haikukwambia yametoka wapi." Akarudi kwenye wali wake. Mimi tonge langu halikushuka vizuri, nikalaumu mwiba wa papa, samaki asiye na miba.

Nimewaza mara nyingi jinsi jambo hilo lilivyokuwa wazi. Ndilo lilelile Mwalimu alilotueleza ubaoni, kwamba wakubwa wa sayansi waliliogopa kiasi cha kuyakana maji waliyoyaona kwa macho yao. Lakini mtu akifurahi hasikii. Asubuhi yake nilienda maabara kabla ya gwaride, nikapanga kila kitu kama jana, ila neli ya katikati niliiacha tupu. Hakuna kutu, hakuna mchanga, hakuna mwezi. Nikawasha moto nikakaa kwenye stuli nikiomba Mungu unga ubaki mweupe. Ukageuka buluu. Buluu ileile ya sare, upesi uleule. Kumbe maji tuliyoyashangilia yalikuwa yanatoka kwenye asidi, yanapita katika chokaa ya Ami Shee bila kuguswa, yanatua kwenye unga. Kutu yangu haikufanya kazi yoyote. Nakumbuka kwamba wazo langu la kwanza halikuwa la uchaji hata kidogo. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuimwaga neli ile na kwenda zangu gwarideni kama sikuona kitu.

Nilimwambia Mwalimu Barasa saa nne, wenzangu wakiwa nje wanakula maandazi. Alitazama neli mbili zile za unga, ya jana na ya leo, zinazofanana kama mapacha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Afisa anakuja keshokutwa. Madam ameshaona. Ukiiweka kutu, inageuka buluu, sivyo? Nani atauliza zaidi?" Nilisema, "Shangazi yangu ameuliza." Akafunika uso kwa mikono. Sikumdharau wakati ule wala simdharau leo. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mgeni katika nti, yeye angesema nchi, ya watu, na alitutaka tusome. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale natamani asisitize, ili kosa liwe lake. Hakusisitiza. Alipoitoa mikono usoni macho yalikuwa mekundu, akasema, "Twende kwa huyo Ami yako."

Tulimkuta Ami Shee juu ya jukwaa la miti anapaka ukuta wa nyumba moja huko huko Langoni. Mwalimu alimsalimu, akamweleza kwa heshima na kwa mzunguko kwamba chokaa ile nzuri haikunywa maji. Ami Shee aliteremka taratibu. Akatwambia, kwa namna ya mtu anayefafanua jambo ambalo kila mtoto analijua, "Itakunywaje? Ishakunywa. Hiyo imelala shimoni mwaka mzima na mai yake, imepoa, imekuwa nzuri. Nikaianika, nikaitwanga, nikaichunga kwa kitambaa." Mwalimu akamuuliza ile isiyolala iko wapi, ile inayotoka tanuuni. Ami Shee akamkazia macho. "Tokaa mbiti? Tokaa mbiti humpi mwana wa watu, Mwalimu. Itamtoma mikono. Hata adui humpi." Chokaa mbichi huchoma; hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa ametoa akiba yake bora, ile anayomalizia kuta za msikiti, akampa mtoto wa shule kwa sababu alimpenda, na kwa mapenzi hayo alikuwa anatufungia darasa. Nilishikwa na kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia, nikajificha kwenye mtandio. Mwalimu alimweleza tena, safari hii bila kuzunguka, kwamba tunaitaka ile mbaya, inayochoma, na kwamba isipopatikana mimi nitasoma kushona. Ami Shee alinitazama. "Kushona?" akasema. "Huyu hajui kutia uzi sindanoni." Akaweka mwiko chini, akaondoka kwenda tanuuni vile vile, nguo zake za kazi zimejaa madoa.

Alirudi alasiri na mabonge manne ya mawe yaliyochomwa, ndani ya kopo lililozibwa kwa nta, amefungwa kitambaa mkono mmoja kwa sababu kweli yalimchoma. Alikataa tuyashike. Aliyavunja mwenyewe pale maabara, akatuonyesha: akadondosha tone la maji juu ya kipande, kikafoka, kikapasuka kwa joto. Mwalimu Barasa alitazama kama mtoto aliyepelekwa sarakasi. Tukajaza neli upya. Tulifanya mara tatu. Kutu yenyewe ikipashwa moto bila gesi: unga mweupe, kwa hiyo maji hayakuwa yamejificha mle tangu mwanzo. Gesi bila kutu: mweupe, kwa hiyo hayakuletwa kutoka nje. Kutu na gesi pamoja: tulingoja sana, na mwishowe pembeni mwa unga likatokea doa la buluu hafifu, dogo kama punje ya choroko. Hayo ndiyo maji tuliyoyatengeneza. Ami Shee aliinama akalitazama. "Hayo tu?" akasema. Nikasema, "Hayo tu, Ami." Akasema, "Hapa hata kusukutua huwezi," akaenda zake kumalizia ukuta wa watu.

Keshokutwa yake afisa wa elimu alifika saa tano, mtu mnene mpole aliyependa kuketi. Tulifanya lile la kutu na gesi kwanza. Doa lilipotokea afisa alivaa miwani kulitafuta. Madam Gathoni hakuhitaji miwani. "Mbona hafifu hivi?" akasema. "Siku tatu zilizopita ilikuwa buluu yote. Niliiona." Mwalimu alifungua kinywa, lakini nilimtangulia, nadhani kwa sababu nilijua nikingoja sitasema kamwe. Nikasema, "Ile ya kwanza ilikuwa makosa, Madam. Yale maji hayakutoka kwenye kutu. Yalitoka kwenye asidi yetu. Tuliyashangilia kabla ya kuyauliza." Gesi ikaendelea kuchemka chupani. Fatma alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa kukusudia. Madam akauliza lile ambalo mwalimu yeyote wa hesabu angeliuliza. "Na nitajuaje kwamba ya leo si makosa vilevile?" Nikamwambia nitaondoa kutu, niwashe moto uleule, nipitishe gesi ileile, kwa muda uleule. Unga ukigeuka, hata kidogo, tumekosea tena. Akasema, "Fanya." Akavuta stuli akaketi mbele ya neli, akaiangalia saa yake.

Sijawahi kuingoja saa kama ile, hata nilipokuwa leba. Maisha yangu yote niliyoyataka yalikuwa ndani ya kijiko kimoja cha unga, na nilichokihitaji ni kwamba kisitokee kitu. Dakika tano. Kumi. Kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyeinuka. Mara mbili nilidhani naona kivuli cha buluu, na mara zote mbili kilikuwa mwangaza wa dirishani. Mwalimu Barasa alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi zake nazisikia. Afisa aliuliza kwa upole tunangoja nini, Madam akamjibu bila kugeuka, "Tunangoja kisichobadilika, bwana." Dakika ishirini zilipotimia aliizima taa ya moto mwenyewe, akaitoa neli ya mwisho, akaenda nayo dirishani, akaigeuza huku na huku kwenye jua.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna kitu, Madam," nikasema.

Akamimina unga ule kiganjani, mkavu, mweupe kama ulivyoingia, akausugua kwa kidole gumba. Akasema, "Mwalimu Barasa, nataka majina saba ya kemia mezani kwangu kabla ya saa nane." Akatoka na mlango akaufunga taratibu. Niliketi sakafuni na sare yangu safi, nikalia mbele ya afisa wa serikali bila kulaumu sabuni wala mwiba, Fatma ananicheka huku analia yeye pia. Mwalimu hakuninyamazisha. Alikuwa ameinama mezani na kipande cha karatasi, anaandika kwa haraka, na nilipoinua kichwa nililiona jina langu, la kwanza, wino bado mbichi.